Mguu Uliotangulia Nyumbani

Hospitali, Shinyanga
6 Machi 1983

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na wadogo zangu. Mimi si mzima sana, ila usimshtue mama. Ukimsomea, hapa mwanzo uruke.

Nimelazwa. Kule machimboni Geita sururu ilinichoma mguu wa kulia, karibu na kidole gumba. Nikaufunga kitambaa nikaendelea kushuka shimoni, maana tulikuwa tumekaribia mwamba wenye dhahabu, na ukitoka tu mwingine anachukua nafasi yako. Kule chini ni tope na maji. Mguu ukavimba mpaka gotini, homa ikanishika, nikaanza kuropoka. Mwenzangu Muhidini ndiye aliyenipakia kwenye lori lililokuwa likija huku kwao Shinyanga.

Daktari amenipasua, ametoa usaha na kuukwangua mfupa. Sasa napata nafuu. Mama yake Muhidini, Bi Chausiku, ananiletea uji kutoka Ibadakuli kila asubuhi, na nisipoumaliza ananifokea kama amenizaa yeye. Nikiruhusiwa nakuja nyumbani kusaidia kupalilia pamba.

Mwanao,
Leodgar

Ushirombo
14 Machi 1983

Mwanangu Leodgar,

Marahaba. Sisi huku ni wazima, hofu ni kwako tu. Mama yako nilimsomea kama ulivyosema, nikaruka mwanzo, lakini mama yako si mjinga. Aliniuliza, "Mbona macho yamepita mbio hapo juu?" Sasa anajua yote na chakula hakimpiti kooni.

Na wewe nawe! Mguu umetobolewa, wewe unafunga kitambaa! Ningekuwa karibu ningekuchapa, na ndevu zako hizo. Dhahabu yenyewe ya nani?

Nakuambia jambo moja, na hili ni neno la baba. Wakitaka kukukata mguu, kataa. Marehemu baba yako mdogo Herman alikatwa wake enzi za mkoloni, hospitali ya mbali huko, akafia hukohuko. Tukaletewa mwili bila mguu. Kuuliza, tukaambiwa umeshatupwa. Nilimzika ndugu yangu nusu, Leodgar, na mpaka leo nikipita kaburini pake nainamisha macho. Mtoto wangu simziki nusu.

Mama yako anakutumia michembe kwa mkono wa dereva wa basi.

Baba yako,
Damian

Hospitali, Shinyanga
21 Machi 1983

Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, na asante ya michembe. Nimekula na mzee Akida wa kitanda cha jirani. Anasema hajui mnafanyaje viazi vikauke hivyo na bado viwe vitamu.

Baba, ile nafuu niliyokuandikia imegeuka. Usaha umerudi, na weusi umepanda kutoka vidoleni mpaka juu ya kifundo. Harufu naisikia mwenyewe. Mzee Akida ni mtu wa adabu zake, ila siku hizi analala amenipa mgongo. Daktari anasema mguu ukatwe juu ya goti, la sivyo sumu itaenea mwili mzima. Nimemwambia baba yangu amekataza, nangoja aniruhusu. Akanitazama, akasema, "Kijana, mguu huu haumngoji baba yako."

Naogopa, baba. Sitaki kufa. Nimefikiri sana habari za baba mdogo Herman, nikawaomba wasiutupe, nao wamekubali. Mguu atapewa Muhidini, na ameapa atapanda nao basi mpaka mlangoni kwako, uuzike wewe mwenyewe kwa mikono yako. Hapo sitakuwa nusu. Nitakuwa nimetanguliza mguu tu, na mwenyewe nitafuata nikiwa mzee kama wewe.

Niruhusu baba. Jibu mpe dereva.

Mwanao,
Leodgar

Ushirombo
26 Machi 1983

Leodgar,

Salamu baadaye, dereva anapiga honi. Barua yako ilikwama Kahama kwa mvua, nimeipata sasa hivi.

Wakate. Wakate leo. Lile neno langu nimelifuta. Mwonyeshe daktari karatasi hii: mimi Damian, baba mzazi, nimekubali. Nakwenda kuchimba pale karibu na Herman. Muhidini aje tu.

Baba yako

Ushirombo
6 Aprili 1983

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, hofu ni kwako tu.

Muhidini alifika Jumatatu ya Pasaka, watu bado wamevaa nguo za kanisani. Alishuka na katoni ya sabuni mikononi. Anasema kondakta alitaka kuitupia kwenye keria huko juu, yeye akakataa, akaipakata njia nzima. Abiria walipomuuliza kabeba nini akawajibu, "Ndugu yangu." Kijana huyo ni Mwislamu, na alisimama nasi pale mpaka udongo wa mwisho. Kwangu sasa ni mtoto.

Nilimwomba padre aje. Akasema mguu hausomewi misa ya wafu, kwa kuwa mwenyewe yu hai. Jamani, nilifurahi! Nilimshika padre mkono kwa mikono yangu miwili, nikashindwa kumwachia. Basi akanyunyiza maji ya baraka, tukazika na katoni yake. Sikuifungua. Sikuweza.

Muhidini anasema alikuacha umelala na homa haijakuachia. Andika mwanangu, hata mstari mmoja. Mama yako kila basi likipita anatoka nje.

Baba yako,
Damian

Hospitali, Shinyanga
15 Aprili 1983

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, naandika nimelala. Homa inakwenda na kurudi. Kidonda bado kinatoa maji, na wakija kukisafisha nalia mbele za watu, sina aibu tena.

Baba, nataka kukuambia kitu, usinicheke. Mguu unauma. Si hiki kipande kilichobaki, ni ule uliouzika. Goti limekunjwa, vidole vimebanwa mahali, na kidole gumba kimepindwa kwa chini. Napeleka mkono nivikune, nashika shuka. Silali kabisa. Daktari anasema huwatokea wengi waliokatwa na haina maana yoyote. Mzee Akida yeye kasema aulizwe aliyezika: ulilazwa umenyooka?

Kanitazamie, baba. Kama umejikunja, uninyooshee. Nikipata usingizi mmoja tu, nahisi nitapona.

Mwanao,
Leodgar

Ushirombo
24 Aprili 1983

Mwanangu Leodgar,

Marahaba. Sikukucheka. Nilisoma barua yako nimesimama, nikachukua jembe, nikaenda. Wazee wakanijia juu, kwamba kaburi halifukuliwi, nikawaambia mwenyewe yu hai na ameniagiza. Wakanipisha.

Ni kweli, mwanangu. Katoni ilikuwa fupi. Goti lilikunjwa ili mguu utoshe, na vidole vilibanwa kwenye pembe, kidole gumba chini, vilevile ulivyoandika. Mengine niliyoyaona sikuandikii. Lakini lile kovu kwenye muundi, ulilolipata kwa plau ya ng'ombe ulipokuwa mdogo, lilikuwa bado lipo. Nikaweka mkono juu yake, nikalia sana.

Nikalirefusha shimo. Mama yako akaleta kanga yake mpya, tukaitandika. Nikalinyoosha goti, nikanyoosha vidole kimoja kimoja, huku nasema pole, pole mwanangu. Mama yako akaniambia nisivute kwa nguvu. Sasa umelala vizuri, hakuna kinachokubana.

Niambie kama bado unauma.

Baba yako,
Damian

Ushirombo
16 Mei 1983

Mwanangu Leodgar,

Hujambo? Sisi wazima, hofu ni kwako tu.

Hujanijibu. Nilimwambia mama yako kwamba maumivu yamekwisha, na mtu akishapona anasahau barua. Kama yamekwisha, niandikie. Kama hayajakwisha, niandikie vilevile, nitafukua tena, mimi sichoki.

Leo asubuhi basi lilisimama bila honi. Dereva akashuka mwenyewe, akavua kofia, akasema Muhidini na Bi Chausiku wanakuja kesho kwa gari la kukodi, na wanaomba ukoo wote tukusanyike nyumbani. Nikamuuliza, "Leodgar yumo kwenye hilo gari?" Akasema, "Yumo, mzee." Nikamshukuru. Nikamwambia angoje kidogo nikuandikie, barua ikukute kabla hamjaondoka. Akasema, "Mzee wangu, barua hiyo siwezi kuibeba," akarudi kwenye basi anafuta macho. Nami nakuandikia hivyohivyo.

Mama yako amefagia chumba chako na kutandika kitanda. Nimemwacha atandike. Nimemuaga kwamba nakwenda kupalilia pamba, nikashika njia ya kwa Herman, na kutwa nzima nimelirefusha lile shimo. Nimelipima kwa urefu wangu, maana ulikuwa umenifikia. Hakuna kitakachokunjwa.

Njoo polepole mwanangu, barabara ya Kahama ni mbovu. Mguu wako umenyooka, unakungoja.

Baba yako,
Damian