Mavi ya Ng'ombe Kwenye Grini ya Nne

Jumatano, mwezi wa nne, 2013. Asubuhi mvua, sasa jua. Mgongo unauma kidogo.

Naandika mu simu pole pole kwa kidole kimoja, maana shule niliacha darasa la tatu kule Fizi, Kongo. Lakini majani nayajua. Mu uwanja huu wa gofu wa Mbarara hakuna mutu wa kunipita kwa kukata grini, ile fasi laini yenye tundu. Ijumaa mashindano ya ridhaa yanaanza. Bachezaji watakuja hata kutoka Kampala.

Na grini ya nne imeharibika.

Imeota majani ya malisho, mafungu mafungu. Jana Hajati Zaina, muuza vitambaa wa Nyamityobora, ambaye tunamtegemea atushindie, alisukuma mpira wa hatua mbili tu. Ukaruka kama chura, ukapita tundu. Akaniangalia. "Mzee, hapa tunacheza gofu ama unafuga ng'ombe?" Batu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kapiteni wa klabu akasema ni ng'ombe za Byaruhanga ziliingia kuacha mavi, ndiyo majani yakaota. Byaruhanga ni mchungaji, anakaa mtaa wa Ruti, anazipitisha pembeni ya uwanja kwenda kunywa maji. Kapiteni akaagiza njia ifungwe kwa waya. Kuzunguka ni mbali mingi, na ziko na ndama.

Nikamwacha aamini hivyo.

Acha niseme hapa. Mavi nilileta mimi. Kapiteni alinipa mbolea ya dukani, punje nyeupe kama chumvi, nikaona ni mchezo wa watoto. Shamba langu la kambi ya wakimbizi ya Nakivale linakula mavi ya ng'ombe, na mahindi yangu majirani wanakuja kuyaangalia. Basi nikamwomba Byaruhanga. Alinipa bure, toroli mbili, mabichi. Sikungoja yaoze. Mbegu za malisho zilikuwa ndani. Kwenye mahindi unapiga jembe, yanaisha. Kwenye grini jembe utalipitisha wapi?

Leo saa nne nilimkuta Byaruhanga mbele ya kapiteni, ameshika kofia. "Ng'ombe zangu hazikuingia, sebo," akamwambia, yaani bwana mkubwa. Alijua ni mimi. Hakunitaja.

Nikasema, "Kapiteni, ni mimi. Nilileta na toroli."

"Kwa nini, Mzee? Mbolea si nilikupa?"

"Kwa mahindi inafaa sana."

Kapiteni akaenda kuiangalia grini. Kisha akasema njia ibaki wazi, na mimi, kama kesho jioni grini ya nne haiko safi, nirudishe funguo za stoo, kazi iishe.

Nimeshinda nimepiga magoti, kisu mkononi, nang'oa mzizi kwa mzizi. Nusu imeisha. Kwa kazi hiyo hakuna wa kunishinda, hata kapiteni anajua.

Ila Byaruhanga aliondoka na sikumwomba msamaha. Kusema mbele ya kapiteni nimeweza. Mbele yake yeye, mdomo ulikataa.

Kesho nianze na nini, majani ao yeye?

Nitapitia Ruti kwanza, kwake. Majani yatanisubiri.