Urea Juu ya Majani Makavu

Ingham, Jumanne, 10 Novemba

Mdogo wangu Renzo,

Kati ya Ijumaa na Jumatatu tumepoteza theluthi ya nitrojeni ya shamba zima la Baba, na aliyeipoteza ni wewe. Natumaini mgongo umepoa na watoto hawajambo. Mimi mzima, ila nina hasira. Simu hupokei, basi soma barua pepe hii.

Nilikuachia mashine ya kupasua visiki vya miwa uifukie mbolea ya urea ardhini. Wewe ukaimwaga juu ya majani makavu. Umande ukailowesha, jua likaichemsha ikawa gesi, upepo ukaibeba. Shamba linanuka kama choo cha stesheni. Ulitia kilo 138 za nitrojeni kila hekta. Arobaini na kitu ziko angani. Kwa nini?

Dada yako,
Fiorina

Townsville, Jumatano, 18 Novemba

Shikamoo dada,

Mgongo bado, ndiyo maana sikuhangaika na hilo limashine lako. Watoto wazima, wanakusalimu.

Baba alimwaga juu maisha yake yote na miwa ikasimama. Au na yeye hakujua kilimo, Profesa? Punguza presha. Nimeagiza tani nne nyingine, lori linakuja Ijumaa. Jumamosi kuna mvua ya radi. Nikiimwaga Ijumaa jioni, mvua itaizamisha yenyewe. Kiwanda cha mafuta ya ethanoli kinataka miwa, hakiji kunusa shamba.

Mdogo wako,
Renzo

Ingham, Alhamisi, 19 Novemba

Renzo,

Salamu za watoto zimefika, wabusu. Ungeniambia mgongo bado unauma, ningeendesha mimi.

Baba alichoma miwa kabla ya kukata. Urea yake iliangukia udongo mtupu. Sisi tunakata mibichi, tunaacha blanketi zima la majani. Unamuiga Baba kwenye shamba ambalo Baba hakulijua.

Na mvua ya radi haizamishi kitu, inasomba. Mtaro wetu unaingia mtoni, mto unaingia baharini kwenye matumbawe, na serikali inapima maji ya mtaro. Kiwanda nacho kinahesabu nitrojeni kwa kila lita ya mafuta. Kikitufuta kwenye orodha yake, hizi hekta arobaini tutamuuzia nani miwa? Nilivuna miwa ya watu miaka kumi na moja benki isilichukue shamba hili. Sikulivunia wewe ulimwage mtoni.

Trekta langu nimeliegesha getini. Lori halipiti mpaka unijibu, tena bila utani, kabla ya saa sita mchana kesho: unamwaga, au humwagi?

Dada yako,
Fiorina