Digrii Yangu na Kichuguu cha Mzee Gidamis

Jumamosi, shambani, Hanang

(Nanakili kutoka daftari langu la enzi za mashamba ya ngano ya serikali.)

Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye chai, na mimi nacheka peke yangu kama mwehu. Nina furaha jamani! Acha niiandike kabla haijapoa.

Kwanza nikiri. Tangu niajiriwe hapa kama karani nimekuwa naionea aibu digrii yangu. Wenzangu wamesomea kilimo na mitambo. Mimi historia na fasihi. Hata Baba, kule Endagikot, majirani wakimuuliza binti yake kasomea nini, hujibu, "Hadithi," halafu anageuzia mazungumzo kwenye maharage. Wiki iliyopita dereva wa trekta aliniuliza kama historia inaotesha ngano. Nilicheka naye, lakini iliniuma.

Jumanne mpima wetu alileta ramani ya eneo jipya la kulima. Upande wa mashariki ameandika: kichuguu, kisawazishwe. Mimi mwenyewe nilishakipita mara mbili, sikuona cha ajabu. Jumatano nikamkuta Mzee Gidamis, mfugaji wa Kibarbaig, amesimama pale akizuia ng'ombe wake wasipande juu. Nani anazuia ng'ombe kwa ajili ya mchwa?

Nikampa shikamoo, nikakaa chini, nikauliza kama tulivyofundishwa chuoni: taratibu, bila kumwekea mtu maneno mdomoni. Akaniambia pale amelala baba yake. Ni kaburi la heshima, udongo uliopandishwa kwa miezi, ukoo mzima ukija na pombe ya asali.

Na trekta lilikuwa liingie leo.

Alhamisi nilikwenda kwa wazee wengine wawili, kila mmoja peke yake, nikalinganisha maneno yao. Yalikubaliana mpaka rangi ya dume la ng'ombe lililochinjwa mazishini. Jana nikampelekea meneja kurasa mbili. Nilijua kibarua changu kingeweza kuota nyasi.

Alizisoma amesimama. Akaketi, akazisoma tena.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Hakuna aliyewauliza, Ndugu Meneja."

Sijui ule ujasiri niliutoa wapi.

Leo trekta limefika kwenye kigingi kipya alichoamuru meneja, likakata kona mbali kabisa na kaburi. Dereva ni yuleyule wa maswali. Mzee Gidamis alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanitemea mate ya baraka. Mimi, Mmbulu wa Endagikot, mtoto wa mahasimu wao wa zamani! Marehemu bibi yangu angezimia.

Sijui kulima kwa trekta na sitajua. Ila miaka ile mitatu ya vitabu ilinifundisha kuuliza, kusikiliza mpaka mtu amalize, na kuandika hata mwenye haraka akaelewa. Nilidhani hiyo si kazi. Kumbe ni kazi, na naipenda.

Jioni hii mpima amekuja na ramani yake na kifutio. Tumefuta neno kichuguu, tukaandika jina la baba yake Mzee Gidamis, herufi kwa herufi kama alivyonitamkia. Nilifikiri tumemaliza. Mpima akabaki ameinama, kidole kinatembea juu ya karatasi, na sauti ikamshuka.

Kuna vichuguu vingine sita.

Ameniuliza kama Jumatatu nitakuwa na nafasi. Nimemwambia tuondoke alfajiri.