Choo Kilichogeuzwa Upande

Alhamisi, 9 Septemba 1993

Eti kibla! Magoti yangu hayachuchumai tena, ndiyo maana nikanunua choo cha kukalia, cha Dubai. Bafu la ghorofa hili kuukuu ni finyu, na leo fundi Saidi amekifunga upande, kisielekee kibla. Nikikaa, magoti yanazuia mlango usifungike.

"Fundi, mimi Mkatoliki."

"Mzee wangu, aliyekifunga ni mimi. Dhambi nitaandikiwa mimi."

"Na mlango?"

"Acha wazi. Kwako mwenyewe unamwonea nani haya?"

Mjinga yule. Jumamosi mke wa mwanangu anahamia humu. Mkwe anikute nimekaa pale? Afadhali nizikwe.

Nimeshaamua. Kuanzia Jumamosi, kila asubuhi nitakwenda kujisaidia kwake Saidi, kule Msamala, maana naye ana choo cha kukalia, na mlango wake nitauacha wazi.