Mtu wa Chumba cha Pili

Jumatatu, 3 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti halikusumbui tangu mvua zianze. Mimi sijambo. Nakula, nalala, hata kunenepa nimeanza, maana kazi yenyewe siku hizi ni kusugua vyumba ambavyo hakuna aliyevilalia.

Najua unajiuliza kwa nini meli imefunga gati hapo bandarini, mwendo wa basi moja tu kutoka nyumbani, na mimi sijabisha hodi. Haturuhusiwi kushuka, Mama. Tangu watalii waache kuja kwa sababu ya ugonjwa, kampuni inatulinda kama mayai. Anayeshuka harudi, na kazi hii ikinitoka sasa sijui nitashika ipi. Jana nilipanda sitaha ya juu, nikaona mapaa ya maghala na nyuma yake barabara ya kuja kwetu. Niliitazama mpaka msimamizi akaniuliza nimepoteza nini.

Sasa nisikilize. Meli haitaruhusiwa kubeba watalii tena mpaka ifanye safari ya majaribio, kwenda baharini na kurudi hapa hapa. Wanatafuta watu wa kujifanya wageni: walale, wale, wapimwe, wavae barakoa, ili ionekane kama masharti yanafuatwa. Kila mfanyakazi ameruhusiwa kutaja ndugu yake mmoja aliyechanjwa. Nimekutaja wewe.

Usifurahi mapema. Mgeni na mfanyakazi hawakaribiani kabisa. Mimi naingia kusafisha chumba wakati mgeni ametoka. Simu za vyumbani wafanyakazi hatuzigusi, na simu yako huko baharini haitashika. Tukivunja sharti moja tu, mimi ndiye nitakayefungishwa virago. Lakini tutakuwa chini ya dari moja. Tangu Baba azikwe mimi nikiwa mbali, hilo halijatokea.

Jibu umpe mlinzi wa getini, atanifikishia.

Mwanao,
Chiriku

*

Alhamisi, 6 Mei

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Goti lipo, linanitabiria mvua vizuri kuliko redio. Mimi sijambo, ila nyumba imekuwa kubwa. Kila asubuhi natandika na upande wa baba yako, ingawa hakuna aliyeulalia.

Nitakuja. Chanjo nimemaliza, cheti ninacho. Jirani wa mbele ananicheka, eti mama mzima na mvi zake anakwenda kuigiza utalii. Nikamwambia nimewatandikia wagonjwa wodini mpaka nikastaafu, acha na mimi nitandikiwe.

Lakini nikuambie ukweli, siji kwa ajili ya meli. Baba yako alipolazwa, walinizuia mlangoni. Mimi, kwenye wodi ambayo najua mpaka kitasa kipi kinakwama. Nikasimama nje ya dirisha, nikawaona watu waliofunikwa plastiki toka utosini mpaka miguuni, sikujua nani kati yao nilifanya naye kazi. Siku ya mazishi kila mtu alisimama mbali na mwenzake. Hawakuwa na ubaya, ndivyo tulivyoambiwa. Ila tangu siku ile hakuna aliyenishika mkono, mwanangu, mpaka hivi ninavyokuandikia. Nataka kukushika mkono. Ni hilo tu. Na yapo mambo ya baba yako nataka uyasikie, siyo ya kuandika.

Masharti yako nimeyasikia. Sitavunja hata moja. Nitayazunguka tu.

Mama yako

*

Jumatano, 19 Mei, chumbani kwako

Mama,

Shikamoo. Umeamkaje? Bahari haijakuchafua tumbo? Nakuandikia haraka na kukuwekea chini ya mto. Jibu liweke hapo hapo.

Mama, nakuomba uache kutandika kitanda. Nimeingia leo nikakuta shuka limenyooka, pembe zimekunjwa kiwodi kabisa, taulo zimetundikwa, sinki limekauka. Kabla sijalivua, msimamizi akaingia nyuma yangu. Akauliza pembe hizi za hospitali nimejifunzia wapi, na kama shuka nimelibadilisha kweli. Nikalivua mbele yake, lakini onyo nikapewa. Shuka lisilobadilishwa ndiyo dhambi kubwa humu siku hizi. Kwa hiyo lala, vuruga, tupa taulo chini kama mtalii.

Jana ulipopanda nilikuona. Tulikuwa tumepangwa sitaha ya tatu kuwakaribisha kwa mbali. Ulikuwa umevaa lile gauni la bluu ulilostaafu nalo, na umekonda. Nilikupungia, lakini sote tulikuwa na sare moja na barakoa moja, ukaishia kumpungia mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja, yeye kitanda cha juu mimi cha chini. Na yeye akakupungia kwa nguvu zote. Ni msichana wa huruma sana. Ametoka nchi ya mbali, na Kiswahili nilichomfundisha ni "pole" na "asante" tu.

Nilisimama pembeni yake, Mama. Bega kwa bega.

Mwanao,
Chiriku

*

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Mwanangu,

Marahaba. Tumbo limetulia. Nisamehe kwa kitanda, mikono ilikwenda yenyewe. Leo nimevuruga shuka kwa makusudi na nimeona aibu kama mwizi.

Chakula ni kizuri, ila nakula peke yangu kwenye meza ya watu wanne. Viti vingine vimebandikwa alama visikaliwe. Wageni wenzangu wa kuigiza tunainuliana vikombe kwa mbali, kisha kila mtu anarudi kutazama sahani yake. Niliporudi chumbani nilikuta umekunja nguo yangu ya kulalia. Nikakaa nikaiweka usoni. Nimezoea kukukosa ukiwa mbali, mwanangu, lakini kukukosa ukiwa ndiyo kwanza umetoka mlangoni kumenishinda.

Basi leo wametangaza kwamba kesho kuna zoezi la mgonjwa. Wanataka mgeni mmoja ajifanye ana homa, apelekwe kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye vyumba vya kutengwa, ahudumiwe huko. Nikauliza kama mhudumu anaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Wakasema ndiyo, maana amevaa kinga mwili mzima, hata kumshika mkono anaweza. Nilinyoosha mkono kabla hawajamaliza sentensi. Mgonjwa ni mimi.

Iliyobaki ni kazi yako.

Mama yako

*

Alhamisi, 20 Mei, asubuhi

Shikamoo, Mama mjanja,

Umelalaje? Nimecheka peke yangu na ufagio mkononi.

Nimekwenda kwa msimamizi kuomba niwe mhudumu wa mgonjwa. Wengi wanaikwepa kazi hiyo, maana vazi lile linachemsha na ukilivua na wewe unatengwa kwa muda. Akaniandika mara moja, akashangaa nimekuwa na bidii tangu lini.

Hutaniona sura. Nitakuwa nimefunikwa, miwani imejaa ukungu. Wakaguzi watatazama kupitia kioo cha mlango, kwa hiyo usiniite mwanangu. Wewe ongea tu kama mgonjwa anayeweweseka. Sema yote unayotaka kuyasema, mimi nitakushika mkono na nitanyamaza. Najua huamini kama naweza kunyamaza. Leo utaona.

Mwanao,
Chiriku

*

Ijumaa, 21 Mei

Chiriku wangu,

Hujambo? Umepumzika baada ya jana? Mimi leo sijambo kweli, siyo ile ya kujibu salamu. Naandika mizigo ikiwa imeshafungwa, maana bandari inaonekana tayari.

Asante, mwanangu. Uliponishika mkono, glavu ilikuwa ya baridi, kisha ikapata joto la mkono wako. Nikafumba macho na kuongea kama ulivyoniambia. Nimeyasema yote ya baba yako, mpaka yale niliyodhani nitakufa nayo. Kila nikidhani utauachia mkono, unaukaza zaidi. Mwisho nikaona miwani yako imelowa kwa ndani. Ulisema "pole" mara moja tu, kwa sauti ambayo hata sikuitambua, nikajua ni kilio. Nani angeamini, wewe Chiriku unyamaze hivyo? Umekua.

Kitu kimoja tu kiliniudhi, yule mtu wa chumba cha pili. Muda wote nikiongea alikuwa anagonga ukuta. Mwanzoni nilidhani ni bomba, lakini bomba haligongi, likanyamaza kusikiliza, likagonga tena. Nikakuambia umwambie atulie, mtu ana maongezi yake. Hukutikisika. Ikabidi nipaze sauti ili nimzidi.

Natandika kitanda leo, unisamehe. Ni mara ya mwisho. Nikishuka nitaipungia meli nzima, ili nisikukose.

Mama yako

*

Jumanne, 25 Mei

Mama,

Shikamoo. Ulifika salama? Goti lilivumilia ngazi za basi? Mimi ni mzima. Nasema hivyo mapema ili usishtuke na haya yanayofuata.

Barua yako nimeipata jana. Mwenzangu wa kitanda cha juu ndiye aliyesafisha chumba chako alipomaliza kutengwa, akanitunzia. Nimeisoma mara nyingi, nikafikiri nikuache na furaha yako. Ila siku utakaponiuliza kuhusu yale uliyoniambia ya Baba, nitajibu nini? Sikuyasikia, Mama. Uliyemshika mkono hakuwa mimi.

Saa ya kuvaa kinga ilinikuta chini kabisa, chumba cha kufulia. Sikusubiri lifti. Nilipanda ngazi mbio, sitaha baada ya sitaha, huku nacheka mwenyewe, nikafika juu nahema. Wakaninyooshea kipima joto usoni, kikalia. Wakarudia, kikalia tena. Nikawaambia nimekimbia, naenda kumhudumia mama yangu. Wakasema kila mtu ana maelezo yake. Nikafungiwa hapo hapo, kwenye vyumba vya kutengwa, kusubiri vipimo. Mgonjwa wa kuigiza ukawa wewe, na mgonjwa wa kweli nikawa mimi, kwa kosa la kufurahi.

Mwenzangu aliona zoezi linakwama, akaomba avae yeye. Nimemwuliza ulimwambia nini. Hakuelewa hata neno moja. Anasema alijua tu kwamba mkono ule hautakiwi kuachwa.

Na mtu wa chumba cha pili ni mimi. Nilikuwa nakusikia sauti, siyo maneno. Nilikuwa nagonga ili ujue nipo. Kila nikigonga ulipaza sauti, nami nikadhani unanijibu.

Vipimo vyote vimetoka safi, na meli imepata kibali. Watalii wa kweli wanapanda kesho kutwa, na bado haturuhusiwi kushuka. Nitarudi mkataba ukiisha, mwisho wa mwaka. Siku ile ulipoipungia meli nilikuwa chumba kisicho na dirisha.

Nisamehe, Mama.

Mwanao,
Chiriku

*

Jumapili, 13 Juni

Mwanangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kizima? Mimi ni mzima, goti ni lile lile. Naipeleka barua hii kwa mlinzi wa getini ingawa gati ni tupu. Ameniahidi utaipata siku mtakayorudi kupakia mizigo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika. Barua yako niliikunja nikaiweka chini ya mto wa baba yako, sikutaka hata kuigusa. Kwanza nilikikasirikia kipima joto, halafu nikajikasirikia mwenyewe, mama gani hajui mkono wa mwanawe? Maneno yale nilikuwa nimeyatoa yote, na mimi sina mengine. Nikawa nazunguka humu ndani nikigusa viti.

Lakini nilikuwa na jambo sijakuambia. Tangu baba yako afariki nilikuwa nikiamini kwamba alikwenda bila mtu kumshika mkono. Nimelala na wazo hilo, nimeamka nalo. Nilikuwa najua kuwa wale wa plastiki wamechoka, wana hofu, wana kwao, na mzee yule si wao. Sasa namkumbuka yule msichana. Hakunijua mimi ni nani. Hakuelewa ninachosema, na ndani ya vazi lile alikuwa anachemka. Na hakuniachia mpaka nilipomaliza. Basi kama kwenye meli yenu yupo mmoja wa namna ile, wodini kwetu hakukosekana mwingine. Siwezi kuapa, lakini nimeanza kulala. Mwambie asante. Neno hilo analijua.

Na wewe wa chumba cha pili, nilisema utulizwe, na kelele zako nikazizidi kwa sauti. Inaniuma sana hiyo. Ningejua, ningenyamaza nikagonga na mimi.

Kitanda chako kipo tayari. Nilijaribu kukunja pembe za shuka kwa mtindo wa kampuni yenu, zikakataa, nikarudi kwenye zangu. Ya baba yako nitakuambia upya. Yatakuwa yamenirudia kufikia wakati huo.

Mkataba ukiisha, ukishuka pale kituo cha basi, usitembee. Kimbia mpaka mlangoni. Njoo unahema, uso umekuwa wa moto. Hapa hakuna wa kukupima.

Mama yako