Filimbi ya Animasio

Siku ya Pili, Jumanne 7 Mei 1974
Alexis, mdogo wangu, alitoka kasho, jela ya hapa, kabla ya Pasaka. Mwili tu ndio uliotoka. Askari akipiga filimbi barabarani, yeye anajikunja chini ya meza, macho wazi, hanioni. Leo tena! Nikamfuata chini ya meza na kiuno changu hiki — nikanasa. Nikamtia donge la bukari, ugali wetu, mkononi, la moto. Nikamuuliza: nini hiyo? Na jikoni kunanuka nini? Akavuta pumzi. "Samaki... Yaya, inaungua!"
Iliungua kweli, na Yaya, dada mkubwa, ndiye mimi! Nilifurahi kama mpumbavu.

Siku ya Ine, 9 Mei
Mama Clotilde, mkunga wetu, anasema ndivyo anavyowarudisha wanawake wanaopotea kwa uchungu. Baridi, moto, harufu. Na jina — lile la nyumbani.
Haya basi! Majina ya ubatizo yamepigwa marufuku tangu mwaka juzi. Kwenye karte ya kitambulisho yeye ni Mwepu. Lakini kasho walimpiga wakimwita Mwepu. Jina hilo halimrudishi, linampeleka kulekule. Humu ndani ni Alexis, waje wanifunge!

Siku ya Posho, Jumamosi 11 Mei
Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, amepita. Sikukuu ya chama ni tarehe 20, kila mtu aje mazoezi ya animasio, zile ngoma za kukisifu chama, acheze. Hata "ule mugonjwa wako". Asiyekuja ni adui.
Alexis anasema akianguka mbele yao watamrudisha kasho.
"Hautaanguka," nikamwambia. "Minye niko muzito, utanishika."
Alicheka! Kidogo.

Siku ya Kwanza, 13 Mei
Uwanjani. Nilicheza kama gunia la mihogo. Halafu filimbi — Alexis akaganda. Akaanza kujikunja. Nikamtia tangawizi mdomoni. Hapana. Chupa ya maji baridi shingoni. Hapana. Nikanong'ona jina lake. Hapana! Basi nikapaza sauti yote Mungu aliyonipa:
"ALEXIS!"
Ngoma zikanyamaza. Akageuka. Akaniona!
"Yaya, kelele ya nini?"
Alisimama hadi mwisho. Akacheza, tena vizuri kunizidi, na hilo si kazi.
Lakini shefu naye alisikia.

Saa kumi jioni. Shefu anagonga mlango. Anauliza kwa sauti nani hapa anaitwa jina la wazungu. Nimesema ngoja, ninavaa — uongo, ninaandika. Nilitaka kutoka na matusi yangu tayari. Alexis amenitangulia, miguu peku kwenye simenti. Anafungua mwenyewe.
"Ni minye, shefu. Minye Alexis."
Ninaweka kalamu chini, ninaenda kusimama kando yake, anishike.