Kwa Mwalimu Herménégilde, Aliyekatiza Rozari

Uvira, Oktoba 2003

Mwaka umetimia, Papa Kankindi, tangu utuache Kavimvira, kwenye barabara ya mpakani, na hasira zetu bado hazijapoa.

Ulikuwa mtu mwema, tukubali hilo kwanza. Wanafunzi waliotoka mbali kwa miguu uliwagawia mihogo yako ya mchana, ukarudi nyumbani na njaa. Lakini mdomo wako! Nani mwingine angefundisha biolojia kwenye matanga?

Binti yako Kankindi alipoanguka kifafa kwenye matanga hayo, nyumbani kwetu, tulifanya kama majirani wote wa mtaa wetu wa Kimanga: tulimfunika kitenge, tukasali, tukingoja atulie ndipo apewe dawa. Wewe uliikatiza rozari ya Mama Apollinarie katikati, ukamfunua mtoto mbele ya wageni, ukampa diazepamu kwa njia ya haja kubwa, kwa bomba lisilo na sindano. Generose mkeo aliona aibu hata akakosa pa kuweka uso. Mama Apollinarie hakukanyaga kwetu hadi Pasaka.

Kisha ukaanza somo, hakuna aliyekuomba. Vipokezi vya ubongo havielei ovyo, ulisema. Pale seli moja inapoipasha nyingine habari, kila kipokezi kimefungwa mahali pake, kama mtumbwi kwenye kigingi. Kifafa kikirefuka, kamba zinalegea, na vile vinavyotuliza ubongo vinavutwa ndani ya seli. Dawa ikichelewa haikuti pa kushika. Ulirudia hayo mezani, kanisani, hata kwa askari wa kizuizi cha barabarani aliyetaka tu kuona kitambulisho. Tulichoka nawe.

Risasi zilipoingia mjini tulikimbilia mpaka wa Burundi. Mfukoni mwa Generose mlikuwa na kichupa kimoja tu cha dawa. Generose alikushika mkono, akakusihi twende hivyo hivyo. Ukagoma.

“Moya haitoshe, mutachelewa kumupa,” ulimwambia. “Mutangulie, minye niko nakuya.”

Uliahidi kutufuata, ukarudi Kimanga kutafuta kingine. Majirani walikuokota mlangoni mwa dispanseri, risasi kifuani. Ya nani, hatujui mpaka leo.

Sisi tulikuwa hatujavuka bado Kankindi alipoanguka, katikati ya wakimbizi. Watu waliyakimbia mate yake, wakidhani yanaambukiza. Wengine walimwambia Generose amfunike, angoje. Hakungoja. Alimfunua mtoto mbele ya umati wote, akampa dawa, wala hakumtazama mtu. Kankindi akatulia. Alipoamka aliomba maji, kisha akauliza uko wapi.

Kichupa kimoja kilitosha, Mwalimu. Ulitufundisha vizuri, tatizo hukutuamini.

Wanaokukumbuka ni mkeo Generose, binti yako Kankindi ambaye yu mzima, mdogo wako Sévère wa Lubarika, dada yako Pudentienne, na Mama Apollinarie, aliyeomba jina lake liwekwe.

Hatutakusahau kamwe, mtu mbishi wewe.